Zamu Kwenye Simu ya Upepo

Jua lilikuwa linaelekea kuzama Nathaniel alipofika ukingoni mwa kinamasi cha mafunjo, mwendo wa saa mbili kwa mguu kutoka barabara ya Magu. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo ya kudharaulika. Apige picha mnara wa zamani wa simu ya upepo, ile redio ya mawasiliano isiyo na waya, anakili namba zilizogongwa kwenye bati lake, kesho asubuhi akabidhi ripoti Mwanza mjini. Kampuni mpya ya simu ilikuwa inatafuta minara. Meneja wa kampuni hiyo, Mzee Kashindye, alimwambia bila kumung'unya maneno: ripoti ikifika, ajira ipo, isipofika, nyuma yake wako arobaini.

Digrii ya uhandisi wa mawasiliano, miaka minne mtaani. Mashirika yanauzwa, wafanyakazi wanapunguzwa kama matawi ya mti, na yeye chini ya godoro ana barua tisa za we regret to inform you. Mtu wa namna hiyo ukimtuma kuzimu atauliza tu aingilie mlango gani.

Ukingoni alimkuta mama mmoja, Ng'washi, akifunga matita ya matete.

"Mwadila, mayu."

Mama aliitikia salamu hiyo ya Kisukuma huku akivitazama viatu vya ngozi vya Nathaniel kwa huruma. Alipoulizwa njia akaeleza na mengine. Kituo kilijengwa na Wazungu ili kuongoza ndege zilizokuwa zikitua majini. Jioni moja ya ukungu ndege ilisikika ikizunguka juu ya ziwa, ikazunguka, ikazunguka... halafu kimya. Haikuonekana tena. Mpokea simu naye hakuonekana akitoka. Wengine walisema amekufa. Wengine walisema kuna mtu alimfanya msukule, akamwacha hukohuko afanye kazi.

"Afadhali yeye ana kazi," Nathaniel alisema.

Ng'washi hakucheka. "Ukimkuta, mwanangu, mwache na kazi yake."

Ardhi ya kinamasi ilimchezea chini ya miguu kama godoro. Mnara ulikuwa umeliwa na kutu, lakini bati lilisomeka. Akapiga picha. Akanakili namba. Akafunga daftari, akageuka kuondoka.

Vyura wakanyamaza.

Wote. Kwa pamoja.

Ti... ti-ti... ti...

Sauti ilitoka kwenye kijumba cha mawe kisicho na paa. Ikafuata harufu ya waya unaoungua. Kituo kile hakikuwa na umeme miaka arobaini, na yeye, mhandisi, alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana alichungulia.

Mzee alikuwa ameketi mezani, kaptula ya kaki imepigwa pasi, vipokea sauti vimembana kichwani. Ngozi yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Pumba, chakula cha misukule, zilikuwa zimemganda mdomoni.

"Shikamoo, mzee." Mdomo ulijisemea wenyewe.

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Una kazi?"

"Sina."

Mzee akainuka, magoti yakilia kama matete makavu. Akavivua vile vipokea sauti, akavishika kwa mikono miwili, akamwelekezea. Kwao Nathaniel mkubwa hasimami mbele yako na mzigo mkononi nawe ukamkodolea macho. Kwa kosa hilo alichapwa hata kabla hajaanza shule. Akanyoosha mikono yote miwili.

Akampokea.

Vilikuwa na joto, kama vimetoka kwenye kifua cha mtu. Hakumbuki alivyovivaa. Injini ilikuwa inazunguka ndani ya kichwa chake.

"Mwanza..." Sauti ya mtu aliyechoka. "Mwanza, tuko kumi na wanne. Hatuyaoni maji. Tushuke?"

Aligeuka. Mzee alikuwa ameshafika mlangoni.

"Waambie wasubiri," alinong'ona.

"Mpaka lini?"

"Hata mimi sikuambiwa."

Akatoka, akakanyaga tope. Tope halikubonyea.

Angeweza kuvitupa vile vitu akakimbia. Lakini watu kumi na wanne! Ziwani ukungu ulikuwa mzito kama ukuta. Akabonyeza swichi, na mdomoni mwake yakatoka maneno yaleyale aliyoambiwa kwenye kila dirisha la kila ofisi pale Mwanza.

"Subirini. Mtaitwa."

"Tumesubiri," sauti ikajibu. Nyuma yake mwanamke alikuwa analia.

Siku ya tatu, Mzee Kashindye alifika akiongozwa na Ng'washi. Nathaniel aliwaona vizuri kabisa. Wao walikitazama kiti alichokalia, wakautazama ukuta ulio nyuma yake. Ng'washi alikuwa anasimulia kwamba jioni ile mzee mmoja alipita akamuaga yeye, akimwita kwa jina la marehemu bibi yake, na kwamba ufukweni walikuta kaptula ya kaki tu, haina mtu.

Kashindye akaiokota kamera sakafuni. Akatoa bahasha mfukoni, akaipigapiga kiganjani.

"Nilishamtetea kwa wakubwa, barua yake ya ajira ndiyo hii. Kijana hana bahati."

Nathaniel akafungua mdomo amwite. Akanyoosha mkono kuifuata ile bahasha.

"Mwanza, mafuta yamekwisha. Tunashuka."

Akaurudisha mkono kwenye swichi.