Nyuzi Saba Ukutani

Kila alfajiri ya mwezi wa Julai, Wening alijifunga blanketi mabegani akateremka peke yake hadi shamba la viazi bondeni. Huko, kwenye kigingi, Mwalimu Pratomo alikuwa amefunga kipimajoto cha somo la hali ya hewa. Wenzake wa darasa la sita waliishi juu kwenye nyanda za Dieng, Indonesia, nao walipima wannewanne huku wakitaniana. Nyumba ya kina Wening ilikuwa ya mwisho huku chini, basi alipewa kipimajoto chake mwenyewe. Wengine waliiona heshima. Yeye aliiona adhabu.

Mama yake alikuwa Taiwan, akitunza wazee wa watu. Nyumbani walibaki yeye na Bibi Tumirah tu. Kule shambani ukungu ulipomzunguka, Wening alimkumbuka mama hadi machozi yakamtoka. Jumatatu moja uvumilivu ulimwishia. Alikihamishia kipimajoto kwenye ukuta wa nyuma wa jikoni bila Bibi kujua, mahali alipoweza kumsikia bibi akikohoa na kuchochea kuni. Baridi ni ileile, alijiambia.

"Ngapi leo?" Bibi aliuliza alfajiri ya Alhamisi, ndoo zikiwa tayari. Ikikaribia sifuri, umande wa sumu, ule unaoganda majanini na kuyaunguza, umeshuka, na majani lazima yaoshwe kwa maji kabla jua halijayapiga.

"Nyuzi saba, Bibi."

"Alhamdulillahi! Basi tunywe chai."

Ukungu ulipoondoka, shamba lilikuwa jeupe pe. Kufika saa nne, matuta manane yalikuwa yamebadilika kuwa meusi. Bibi aliketi chini kwenye tuta. Hakulia, na hilo lilimuumiza Wening kuliko kilio.

"Kidude cha mwalimu wako kimetuponza," alisema mwishowe. "Kesho namrudishia, na nitampasha!"

Kweli, kesho yake Bibi aliingia darasani akiwa na kipimajoto alichokabidhiwa na Wening. "Mwalimu, chukua kitu chako. Kinasema uongo."

"Labda msomaji hajui namba," Tegar alinong'ona, na darasa likacheka.

Wening alisimama. "Hakisemi uongo, Bibi. Mwongo ni mimi. Nilikitundika ukutani. Kule shambani ninaogopa. Niko peke yangu."

Kicheko kilikatika. Mwalimu Pratomo hakumkaripia. Alimshukuru kwa kusema, akawaomba wote wafike bondeni alfajiri inayofuata.

Walifika wote ishirini na watatu, meno yakigongana. Mwalimu alitundika kipimajoto kimoja ukutani na kingine kwenye kigingi; cha ukutani kilisema saba.

"Huku sifuri!" Tegar alipiga kelele kutoka shambani.

"Mmeona?" alisema Mwalimu. "Hewa ya baridi ni nzito. Huteremka mlimani kama maji na kutuama bondeni. Ukuta nao unapata joto la jiko, kwa hiyo..."

"Mwalimu, somo baadaye!" Bibi alimkatiza. "Ndoo!"

Watoto walichota maji mferejini wakaosha majani tuta kwa tuta, na jua lilipochomoza, matuta yote yaliyosalia yalikuwa mabichi. Hata Tegar alikuwa ameloa hadi magotini.

Wenzake walipoondoka, Bibi alimvuta Wening karibu.

"Mjukuu wangu, viazi vitapandwa tena. Ila ungeniambia kwamba unaogopa, ningekuja nikasimama nawe. Ukweli usemwe mapema, hata ule wa moyoni, maana asiyejua shida yako atakusaidiaje?"

Wening alilia kwa sauti, kilio alichokibana tangu mama aondoke. Alfajiri iliyofuata waliteremka shambani wawili.