Abiria wa Mwalimu Venant

Kila asubuhi, jua likianza tu kuangaza mawe ya mtaa wa Mabatini, wanafunzi wa Shule ya Msingi Mawemapana walijipanga mistari minne na kuanza mchakamchaka. Walikimbia hadi njia ya reli, wakageuka, wakarudi. Wote walikwenda kwa miguu isipokuwa mmoja.

Huyo alikuwa Leonsia Kahigwa wa darasa la sita. Yeye alikaa kwenye keria ya baiskeli ya Mwalimu Venant, mwalimu wa michezo, miguu ikining'inia, akiongoza nyimbo.

"Jua linatoka!" aliita Leonsia.

"Limetukuta njiani!" waliitikia wenzake.

"Nani kalala?"

"Si sisi!"

Hakuna mwingine shuleni aliyekuwa na sauti kama ile. Ndiyo maana alipougua malaria akiwa darasa la tatu, akarudi amekonda kama ufito, Mwalimu Venant hakutaka kuikosa. "Panda hapa," alimwambia, "mpaka miguu ipate nguvu."

Miguu ilipata nguvu baada ya mwezi mmoja, na Leonsia alijua. Lakini kila mara Mwalimu Venant alipouliza, "Vipi miguu, binti?" alijibu, "Bado inauma, mwalimu." Mwisho mwalimu akachoka kuuliza, na keria ikawa kiti cha Leonsia.

Wenzake walimwita Abiria. "Utingo, mdai nauli huyo!" alipiga kelele Masalu, mvulana mrefu wa darasa lake, na mistari yote ikacheka. Leonsia alijifanya hasikii. Hata hivyo, akipanda njia ya mawe kwenda kwao alihema kama kikongwe, na kipindi cha tatu, cha hesabu, kilimkuta akisinzia kila siku.

Mwezi wa Mei mwaka 1976 ilikuja barua. Siku ya Saba Saba shule zingeshindana mchakamchaka kutoka Mkolani hadi uwanjani mjini. Kiongozi wa nyimbo alitakiwa kukimbia mbele kwa miguu yake mwenyewe. Shule ambayo wimbo wake ungekatika njiani ingetolewa.

Mwalimu Venant aliisoma barua mbele ya wanafunzi wote, akaikunja. "Leonsia ana miguu mibovu," alisema. "Masalu, utaongoza wewe."

Masalu alikuwa na sauti ya bati linaloburutwa kwenye saruji. Mchana Leonsia hakwenda kucheza. Alikwenda ofisini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Miguu yangu imepona."

"Vizuri. Tangu lini?"

Leonsia alitazama sakafu. "Tangu darasa la tatu."

Mwalimu Venant aliweka chaki mezani polepole. "Miaka mitatu ninakanyaga pedali, jasho linanitoka, kumbe nimebeba mzima?"

"Nisamehe, mwalimu. Nilikuwa mvivu. Lakini nataka kuongoza."

"Kutaka ni rahisi. Kesho utawaambia wenzako hayo hayo uliyoniambia. Kisha utakimbia nyuma kabisa, na watoto wa darasa la kwanza. Siku utakayofika reli na kurudi ukiimba bila kukatika, filimbi ya kiongozi ni yako."

Kesho yake Leonsia alisimama mbele ya shule nzima, akasema. Walimcheka mpaka waliochelewa getini wakauliza kuna nini. Akaenda nyuma, akakimbia. Kabla ya kufika reli alitapika, na mtoto mmoja wa darasa la kwanza akampita akimwambia, "Pole, dada."

Aliendelea. Wiki ya pili aliweza kukimbia bila kusimama, lakini akifungua mdomo kuimba, pumzi ilimwishia kwenye neno la pili. Siku hiyo alikaa nyuma ya jiko la shule na kulia kwa hasira. Mama Odeta, mpishi wa uji, mtu wa Nansio, alikuwa akitwanga mahindi.

"Unalilia nini, mwanangu?"

"Nikiimba siwezi kukimbia, nikikimbia siwezi kuimba."

"Mbona mimi natwanga debe zima na bado naimba? Njoo ushike mchi." Alimpisha kwenye kinu. "Mchi ukipanda, vuta pumzi. Ukishuka, toa neno. Usigombane nao."

Leonsia alitwanga. Mwanzoni wimbo ulivunjikavunjika kama mahindi kinuni. Kisha ukakaa. Mama Odeta akapiga makofi. "Haya! Sasa hesabu miguu yako kuwa ndiyo mchi."

Tangu siku hiyo Leonsia alitoka nyumbani akikimbia, akiimba jedwali la saba. Hatua nne, pumzi. Hatua nne, jibu. Mwisho wa Juni kipindi cha hesabu kilimkuta yuko macho, na mwalimu wa hesabu alipouliza saba mara tisa, Leonsia alijibu kabla mwalimu hajageukia ubao.

Wiki hiyo hiyo alifika reli na kurudi akiimba. Masalu alimrushia filimbi. "Chukua, Abiria. Koo langu limechoka."

Siku ya Saba Saba waliondoka Mkolani wimbo ukiwa juu. Kwenye mlima, kichomi kilimshika Leonsia ubavuni. Sauti ikaanza kupasuka. Mwalimu Venant, aliyekuwa pembeni na baiskeli yake, alipunguza mwendo kwa mazoea, na keria ikawa karibu kabisa na mkono wa Leonsia.

Aliitazama. Kisha akageuka, akamnyooshea Masalu kidole.

"Nani kalala?" aliunguruma Masalu.

"Si sisi!"

Wimbo haukukatika. Leonsia alikimbia kimya, akivuta pumzi kwa hatua nne nne, hadi kichomi kikaachia. Kileleni akaupokea wimbo tena, na waliingia uwanjani watu wakisimama kuwashangilia. Walipata nafasi ya pili kati ya shule tisa.

Jumatatu Mwalimu Venant alisimama mbele ya mistari. "Leonsia alikosea kunidanganya," alisema. "Na mimi nilikosea. Nilimwona likizo akiruka juu ya mawe akichuma mapera, nikajifanya sioni, kwa sababu nilitaka sauti yake. Mtoto ukimbeba bila sababu, mwili wake unalala, na akili inalala pamoja nao. Mmeona wenyewe alivyosinzia, na mmeona anavyojibu hesabu sasa. Kusema kweli kulimletea kicheko cha asubuhi moja. Uongo ulimlia miaka mitatu. Kila mmoja achague."

Kisha akachukua rundo la madaftari, akalifunga kwenye keria kwa mpira.

"Kuanzia leo hiki ni kiti cha madaftari. Ninyi mna miguu."

"Na nauli ya madaftari, mwalimu?" aliuliza Masalu.

Kabla vicheko havijaisha, Leonsia alipuliza filimbi, akatangulia mbio kuelekea reli.