Pazia la Mirihi

Vumbi Dodoma si habari. Ukililalamikia pale mtaani Kikuyu watu watakuuliza kama ulitaka wakumwagie marashi. Ndiyo maana Tadeo, mwenye studio ya picha, alifagia siku ya kwanza bila kunung'unika, akafagia ya pili, na ya tatu akabaki amesimama na ufagio mkononi. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Vumbi lilikuwa chini ya pazia la kupigia picha tu, jekundu, laini kama unga wa ulezi, na lilinuka chuma.

Pazia lenyewe lilikuwa jipya. Mwaka ule wa tisini na saba kila mtu alikuwa anafungua biashara, studio zimeota kila kona, na kila studio ina pazia lake la kumsimamisha mteja mbele yake: maporomoko ya maji, ndege, maghorofa ya Ulaya. Tadeo akataka la kuwafunga wote midomo. Karani mmoja wa Bunge alimwachia gazeti la rangi lenye picha zilizopigwa kwenye sayari ya Mirihi na kigari cha magurudumu sita kisicho na dereva. Jangwa jekundu, mawe, na pembeni kabisa, mbali, kisulisuli chembamba kimesimama.

Mchoraji wake, Batholomeo, Mgogo wa hapo hapo, alichora jangwa na mawe vizuri kweli. Ile kona ya kisulisuli akaiacha nyeupe.

"Malizia basi," Tadeo alimwambia.

"Hicho sichori, kaka. Kwetu kisulisuli kikipita unageuza uso, unatema mate, basi. Hakikodolewi macho. Wewe unataka nikikaribishe ndani?"

"Hiki cha Mirihi, Batho! Hata Kigogo hakijui."

Akacheka peke yake. Mjuaji yule! Akachukua brashi akakichora mwenyewe, anakitazama gazetini jicho moja limefumbwa, kama anavyofanya kwenye kamera.

Wateja walimiminika. Lakini picha ziliporudi kutoka kusafishwa, Tadeo aliona kitu. Wateja wa wiki ya kwanza, kisulisuli kilikuwa kule konani. Wa wiki ya pili, kimefika katikati ya mawe. Alikwenda kupima kwenye pazia kwa rula: hakijasogea hata unywele. Halafu ikaja picha ya Evodia, bintiye wa pekee, miaka tisa, na gauni lake jeupe la komunyo ya kwanza. Kisulisuli kilikuwa nyuma yake kabisa, na shela yake imenyanyuka kwa upepo, na ndani ya studio siku ile hapakuwa na upepo. Tadeo aliificha picha ile mfukoni, hakumwonyesha hata mkewe.

Kuanzia hapo mtoto akashikwa na kiu. Anakunywa kata nzima, anaomba nyingine, na midomo inapasuka. Hospitali walimpima wasione ugonjwa. Wakamtundikia chupa za maji, zikaisha, na ngozi yake ikazidi kusinyaa kama mboga za kuanika.

Tadeo alikuwa anampenda mtoto yule kupita kiasi, acha niseme ukweli. Alimpiga picha tangu siku ya kuzaliwa, ukuta mzima wa sebuleni ni Evodia tu. Sasa akafunga studio, akachoma pazia, akachoma gazeti na filamu zote, akavuta kigoda kando ya kitanda na kumkodolea macho mchana na usiku, anaogopa hata kupepesa, asije akageuka kidogo tu akakuta amemkosa. Na kadiri alivyomtazama ndivyo alivyoona nywele za mtoto zikinyanyuka taratibu juu ya mto, zikizunguka, zikilala, zikinyanyuka tena, na vumbi jekundu likijikusanya kwenye mikunjo ya shuka ambalo mama yake alikuwa amelikung'uta muda huo huo, na ile harufu ya chuma ikipanda mpaka mate yakakauka kinywani mwake yeye mwenyewe.

"Namwita Mwanahawa," mkewe Anjelina alinong'ona.

"Yule wa vitunguu? Padri atasema nini?"

"Padri hana mtoto."

Mwanahawa alikuwa mwanamke wa Kondoa, anauza vitunguu sokoni, uganga anaufanya akiombwa, na hana subira. Alifika saa nane mchana, jua kali, akafukiza ubani, akamfunika Evodia kanga, akakaa sakafuni.

"Mgeni, salamu. Umetoka wapi?"

Midomo ya mtoto ilifunguka. Sauti ilikuwa yake, lakini kavu, inakwaruza.

"Juu."

"Mlimani?"

"Juu zaidi."

Anjelina alimshika mumewe mkono. Mwanahawa akaongeza ubani.

"Haya. Unataka nini? Kuku mweupe? Kaniki? Marashi? Sema upewe utoke."

"Sitaki. Nilikuwa nazunguka peke yangu tangu zamani, zamani sana. Hakuna mtu. Hakuna jina. Kikaja kitu cha magurudumu, kina jicho, kikanitazama. Kikanitazama siku nyingi. Halafu kikanyamaza. Nikatafuta jicho jingine."

"Jicho la nani?"

Chini ya kanga kichwa kiligeuka polepole, kikaelekea alipo Tadeo.

"Lake. Alinitazama, akanichora. Nami nakaa pale anapopatazama sana."

Tadeo aliinuka. Siku zote zile kwenye kigoda! Ni yeye. Kila alipomtazama mwanawe kwa huruma, alikuwa anamkaribisha yule.

"Geuka," Mwanahawa akamwambia. "Geukia ukutani sasa hivi! Huyu mtoto usimtazame tena."

"Mpaka lini, mama?"

"Sijui. Angekuwa wa mlimani ningemrudisha mlimani, wa bwawani ningempeleka bwawani. Huyu wa kule juu nimpeleke na basi gani?"

Tadeo aligeuka. Alilia ameegemeza paji la uso ukutani. Walizibandua picha zote za Evodia sebuleni, Tadeo mwenyewe wakamhamishia chumba cha uani chenye dirisha la kuangalia ua wa jirani. Siku ya tatu alisikia mtoto anaomba uji. Baada ya wiki akamsikia akigombana na wenzake juu ya kamba ya kuruka, akacheka huku machozi yanamtoka.

Tangu hapo wakawa wanaongea mlango ukiwa katikati. Evodia anamsomea masomo yake, anamwambia amekuwa mrefu kumpita mama begani, anauliza, "Baba, lini?" naye anajibu, "Bado, mama." Mwaka ukapita, na wa pili nao ukaisha. Sura ya mwanawe ikaanza kumpotea kichwani, na hilo lilimuuma kuliko yote.

Jumapili moja, saa kumi jioni, amekaa kitandani ameupa mlango mgongo, akasikia mlango unafunguliwa. Nyayo ndogo zikaja mpaka nyuma yake.

"Baba, nimepona kabisa. Mwanahawa amesema sasa unaweza. Nitazame."

"Nani? Evodia?"

"Nitazame kidogo tu, baba. Umenisahau?"

Miaka miwili! Aliweka mkono kitandani, akaanza kugeuza shingo, na hapo hapo akasikia uani kwao, nyuma ya ukuta, sauti ya Anjelina ikifoka kwamba ndoo haijajaa, na Evodia akicheka, akimjibu mama yake.

Tadeo alifumba macho kwa nguvu zake zote.

"Haya, baba," sauti ikasema taratibu karibu na sikio lake, bila hasira. "Nimezoea kungoja."