Maganda ya Chungwa

Hakuna mwanamke anayeamka asubuhi akitarajia kupendwa kwa sababu ya pipa lake la taka. Muuza juisi hakuwa tofauti na wenzake. Mchana ule soko lilikuwa limefurika, watu wanapigana vikumbo, naye amefunga kilemba cha manjano na aproni iliyorowa, anakamua machungwa mkono hauchoki. Mara akamwona mwanamume wa ovaroli ya buluu na viatu vya mpira, gunia begani, amesimama mbele ya kibanda kama aliyesahau alichotumwa.

"Dada, samahani. Nataka taka zako."

"Unataka nini?"

"Taka. Maganda hayo yote."

"Kaka, kwani una mbuzi wangapi?"

"Sina hata mmoja. Nina mtambo wa gesi."

Alimweleza huku akilijaza gunia. Maganda yakisagwa, yakafungiwa yasipate hewa, huoza na kutoa gesi ya kupikia, na uji unaobaki ni mbolea. Mgahawa wa jirani yake ulikuwa unapika kwa gesi hiyo kutwa nzima. Aliongea kwa furaha ya mtu anayemsifia mwanawe, na muuza juisi akajikuta anasikiliza hadi wateja wakaanza kuguna. Ndevu zake zilikuwa zimechongwa vizuri, hilo aliliona. Harufu yake pia aliisikia, akaisamehe.

Kuanzia hapo Fundi, kama watu walivyomwita, akawa hakosi. Gunia likija tupu, linaondoka limejaa, lakini katikati ya kuja na kuondoka palikuwa na glasi ya juisi na maneno mengi. Kwa kuwa biashara ya yule dada ilikuwa machungwa zaidi ya kitu kingine, akampa jina.

"Chungwa wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka mchachu. Usinisogelee."

"Mchachu ndiye dawa ya mafua, mpenzi."

Maneno yakazaa simu, simu zikazaa ahadi. Wakakubaliana kwamba mwisho wa mwezi Fundi aende nyumbani kumwamkia mama. Wote wawili walijua salamu za namna hiyo huishia wapi, na muuza juisi alikuwa ameshaanza kuota.

Siku moja Fundi alichelewa, muuza juisi akaona bora amshtue. Akajaza maganda kwenye gunia jingine, akalibeba mwenyewe mpaka karakana yake yenye mtambo. Alipofika getini alimsikia ndani akiongea kwenye simu, sauti juu:

"Hapana, kaka, chungwa silitaki tena! Kila likiingia kwangu, moto unafifia. Mimi sasa ni nanasi tu. Nanasi halina matata!"

Gunia lilimponyoka. Akaliacha hapo hapo getini, akageuka, machozi yanamtangulia.

Fundi alipiga simu jioni.

"Chungwa wangu, nimekuta gunia getini, mwenyewe sikukuona. Kulikoni?"

"Kamuulize Nanasi wako."

Mtandao ulikuwa unakatakata. Fundi akajibu kwa roho safi: "Nanasi? Ninalo tele, mpenzi! Hata leo mchana nimeletewa."

"Basi mwisho wa mwezi usije kwetu. Na kibandani kwangu usikanyage!"

Akakata simu, akaizima kabisa.

Mama yake alikuwa amefundisha Kiswahili mpaka akastaafu, na kustaafu hakukumponya ugonjwa wa kusahihisha watu. Alimtazama binti yake akisukuma chakula sahanini, akavumilia, uvumilivu ukamwisha.

"Alisemaje huyo kijana? Nipe maneno yake, usinipe hasira zako."

"Alisema, 'Chungwa silitaki tena.' Silitaki, mama! Hata 'simtaki' sikustahili. Amenifanya jitu."

"Mkiwa wawili anakuitaje?"

"Chungwa wangu."

"Si Chungwa langu?"

"Wangu, mama. Siku zote wangu."

Mama alicheka mpaka akavua miwani. "Basi mtu asiyekosea ngeli siku zote hakuikosea siku hiyo. Alikuwa anasema tunda, mwanangu. Tunda! Na huyo Nanasi unayemwonea wivu nadhani ana majani kichwani."

Binti naye alicheka, aibu imemjaa, lakini kicheko hakikufika mbali. Wazo baya zaidi lilikuwa limemwingia. Kilichomleta Fundi kibandani kwake ni maganda ya chungwa. Kama hayataki tena, atakuja kutafuta nini? Usingizi wa siku hiyo ulikuwa wa kubahatisha.

Asubuhi alivaa gauni la kijani alilokuwa amelitunzia ule mwisho wa mwezi, akaenda karakana. Mtambo ulikuwa unanguruma taratibu, na juu ya jiko la majaribio ndimi za moto wa buluu zilitulia. Ila hakuutazama moto. Juu ya paa la bati, dirishani, kwenye kamba ya nguo, hata juu ya kiti pekee cha wageni, kulikuwa kumeanikwa maganda ya chungwa. Mengine yalikuwa yamekauka siku nyingi.

Fundi alitokea na spana mkononi, macho mekundu.

"Haya ni ya nani?" muuza juisi akamuuliza.

"Yako."

"Si huyataki?"

"Anayeyakataa ni mtambo. Ganda la chungwa lina mafuta, yanaua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Nimelijua hilo tangu mvua zilipoanza."

"Tangu mvua? Na siku zote hizo ukaendelea kuyabeba mgongoni?"

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli.

"Ningekwambia siyataki, kesho yake ningekuja kwako kufanya nini?"

Muuza juisi aliokota ganda moja kavu, akalinusa. Alimpenda mtu huyu, alimpenda na harufu yake yote.

"Ungekuja kunywa juisi, kama watu wengine," akasema.

"Watu wengine wanakunywa wanaondoka. Mimi sitaki kuondoka. Nimechoka kukuona kwa visingizio. Nataka nikuoe."

Alimwangalia kuanzia ndevu mpaka viatu vya mpira vilivyogandwa na uji wa mbolea.

"Mama yuko nyumbani leo," akasema.

"Leo leo?"

"Leo. Lakini uoge kwanza."

 Fundi alikuwa ameshainama, anavivua viatu.