Kijiko Kwenye Video

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wengi walikimbilia uwanjani. Wanachama wa klabu ya filamu wao walielekea kwenye chumba kidogo nyuma ya maktaba, ambacho zamani kilikuwa stoo ya madawati. Humo mlikuwa na meza moja, kamera ya shule, kompyuta kuukuu iliyopata moto kama pasi, na viti ambavyo kimoja tu kilikuwa kizima. Aliyewahi ndiye aliyekikalia, na kwa kawaida aliyewahi alikuwa Chiriku.

Jina hilo alipewa na shangazi yake kwa sababu tangu utotoni aliongea bila kituo. Sasa alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, naye ndiye mwongozaji wa klabu. Rafiki yake mkubwa alikuwa mpiga kamera, mvulana mpole aliyeitwa Jicho. Chiriku akisema maneno mia, Jicho alijibu moja, na urafiki wao ulikwenda vizuri hivyo hivyo.

Siku moja mwalimu wa muziki, ambaye alikuwa mlezi wa klabu, aliingia akiwa na habari.

"Wiki ya afya inakaribia. Kila shule itatengeneza video ya wimbo kuhusu ugonjwa mmoja, na iliyo bora itapata zawadi. Sisi tumepewa kifafa. Nani anajua chochote kuhusu kifafa?"

Chiriku hakungoja kuitwa. "Mtu anaanguka, anatikisika, anatoa povu. Halafu anawekewa kijiko mdomoni ili asijing'ate ulimi."

"Nani amekwambia habari za kijiko?"

"Kila mtu anajua, mwalimu."

"Huyo kila mtu anakaa wapi, nikamuulize?"

Chumba kizima kiliangua kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, lakini hakuliacha jambo hilo. "Nendeni zahanati mkamwone muuguzi. Mkitoka hapo, mwende kwa Kidoti wa darasa la nne. Yeye anaishi na kifafa, na mama yake amekubali kuzungumza nanyi. Kisha mchore kila picha mtakayopiga. Utafiti kwanza, mpango pili. Kamera iwe ya mwisho."

Kesho yake Chiriku na Jicho walikwenda zahanati. Foleni ilikuwa imetoka hadi nje. Akina mama walikuwa wamebeba watoto wanaolia, na mzee mmoja alikohoa mpaka akashika ukuta. Chiriku alikaa, akasimama, akakaa tena. Kichwani alikuwa tayari anaiona video yake: wanafunzi wanacheza chini ya jua la jioni, mmoja anaanguka, wenzake wanamwokoa, kiitikio kinapanda.

"Tukikaa hapa mwanga utatutoroka," alinong'ona. "Wenzetu wanatungoja na sare zao zimenyooshwa."

"Mwalimu alisema tumwone muuguzi."

"Tutamwona siku nyingine. Kwani atatuambia nini tusichokijua?"

Jicho alimfuata shingo upande.

Jioni hiyo walirekodi. Hawakuwa na michoro wala mpango, kwa hiyo kila mtu alitoa wazo lake na kazi ikaenda segemnege. Hata hivyo, Chiriku alikuwa na kipaji. Alimfundisha msichana mmoja jinsi ya kuanguka, akachukua kijiko kilichong'aa alichokuja nacho kutoka nyumbani, na Jicho akakipiga picha kwa karibu sana kikiingia mdomoni. Kiitikio kilikuwa chepesi kukishika:

*Rafiki kaanguka, usikimbie,*
*Lete kijiko, umsaidie!*

Mwalimu alipoiona video hiyo, aliisimamisha kwenye picha ya kijiko. Mezani pake palikuwa na rundo la mitihani isiyosahihishwa.

"Mlimwona muuguzi?"

"Ndiyo, mwalimu," alisema Chiriku.

"Na hiki kijiko, ndivyo alivyosema?"

"Ndiyo, mwalimu."

Jicho aliangalia viatu vyake. Mwalimu aliwatazama wote wawili, kisha akarudi kwenye mitihani yake.

Video ilionyeshwa mbele ya shule nzima. Watoto waliipenda kupita kiasi. Waliuimba wimbo huo wakichota maji, wakifagia, hata wakiwa kwenye mstari wa choo. Chiriku alipopita, wadogo walinong'onezana, "Ndiye yule!" naye akatembea kifua mbele. Kwa Kidoti hakuwahi kwenda. Alijiambia hakuna haja tena.

Siku chache baadaye, wakati wa mapumziko, makelele yalisikika kutoka kwenye mabomba ya maji. Chiriku alidhani watoto wanapigana. Alipokaribia aliona duara kubwa la wanafunzi, na katikati yake Kidoti amelala chini, mwili ukitikisika. Wenzake wa darasa la nne walikuwa wamemkandamiza mikono na miguu. Msichana mdogo, huku machozi yakimtoka, alikuwa akisukuma kijiko cha chakula katikati ya meno ya Kidoti yaliyofungana.

"Kaza!" walimhimiza. "Fanya kama kwenye wimbo!"

Kitu kilivunjika kwa sauti ndogo. Damu ikamchuruzika Kidoti shavuni, naye akaanza kukoroma kama mtu anayekabwa.

Mwalimu wa zamu alikuja mbio, akawatawanya, akakitupa kijiko mbali na kumlaza Kidoti kwa ubavu. Kipande cha jino kilitoka pamoja na damu. Alibebwa kupelekwa zahanati. Yule msichana mdogo alisimama palepale akiitazama mikono yake.

"Mimi nilitaka kumsaidia," alisema.

Jicho alikuwa amesimama kando ya Chiriku.

"Wamefanya tulichowafundisha," Jicho alisema.

Nyumbani, Chiriku hakula. Mama yake, aliyefanya kazi katika duka la mikate, alikuwa ndiyo kwanza amerudi, nguo zake bado zikinukia unga. Alimtazama binti yake akizungusha mkono kwenye sahani.

"Leo Chiriku wangu amemeza ulimi? Kuna nini?"

Chiriku alimwambia yote. Alianza na foleni, akafika kwenye uongo, akaishia kwenye damu.

"Mwalimu wako anajua kwamba hamkumwona muuguzi?"

"Hapana."

"Basi kesho atajua. Nitakusindikiza hadi getini, mwanangu. Kutoka pale maneno ni yako."

"Mama, watanichukia."

"Huenda. Lakini leo nani mwingine shuleni ana kijiko kwenye mkoba na anaamini ni dawa?"

Swali hilo lilimnyima usingizi kuliko viboko vyovyote.

Asubuhi alimkuta mwalimu wa muziki kwenye chumba cha walimu, peke yake. "Nilikudanganya, mwalimu. Hatukumwona muuguzi. Tuliondoka kwenye foleni. Jicho alinikataza, mimi ndiye niliyeng'ang'ania."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Uso wake ulikuwa umechoka. "Kidoti amepoteza jino ambalo halitaota tena," alisema. "Kipande chake nusura kimwingie kwenye njia ya hewa. Nimekasirika, sitakuficha. Na mimi nina sehemu yangu. Kile kijiko kilinitia shaka, nikaona uvivu kupiga simu moja. Twende kwa mwalimu mkuu, sote wawili."

Siku ileile video iliondolewa kwenye mashindano. Chiriku alisimama mbele ya shule na kusema kwamba picha ya kijiko ilikuwa ya uongo, kwamba hakumuuliza mtu yeyote anayejua, na kwamba yeyote asithubutu kufanya hivyo tena. Wengine walizomea. Alijikaza hadi akamaliza.

Jioni yeye na Jicho walikwenda kwa Kidoti. Mama yake alikuwa fundi wa kushona nguo, na cherehani yake ilikuwa mlangoni ili apate mwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Mmekuja na kamera?"

"Hapana, mama. Tumekuja kuomba radhi."

Cherehani ilinyamaza. "Mwanangu ameishi na kifafa tangu akiwa mdogo. Ameanguka hapa ndani, ameanguka sokoni, ameanguka kanisani. Kifafa hakijawahi kumvunja jino. Wimbo wenu ndio uliomvunja jino."

Chiriku alikaa chini na kusikiliza. Mama yule alizungumza kwa muda mrefu: jinsi dawa zinavyomsaidia binti yake asianguke mara kwa mara, jinsi baadhi ya majirani wanavyokataza watoto wao kula naye, eti wataambukizwa.

Kisha Kidoti mwenyewe alitoka chumbani. Mdomo wake ulikuwa bado umevimba. "Niliiona ile video yenu," alisema. "Yule anayeanguka hachezi. Haongei. Anaanguka tu. Mimi naruka kamba kuliko wote darasani."

"Ungependa watu waone nini?" Jicho aliuliza.

Kidoti alifikiri. "Nikizinduka huwa naona nyuso nyingi zinanitazama, naona aibu. Napenda nimkute mtu mmoja tu, amekaa, aniambie niko wapi."

Siku iliyofuata walirudi zahanati. Foleni ilikuwa ndefu kama ile ya kwanza, na safari hii walikaa hadi ikaisha. Muuguzi aliwaeleza taratibu: ondoeni vitu vigumu karibu naye, wekeni kitu laini chini ya kichwa, legezeni nguo shingoni, msimkandamize, msitie chochote mdomoni. Mtikisiko ukitulia, mlazeni kwa ubavu na mkae naye. Ukizidi dakika tano, au akiumia, tafuteni msaada wa haraka.

"Na ulimi?" Chiriku aliuliza.

"Hakuna binadamu anayemeza ulimi wake," alijibu muuguzi. "Hata wewe unayeutumia sana."

Hapo ndipo Chiriku alipocheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mabomba.

Waliporudi chumbani mwao walichora kila picha kwenye karatasi na kuzibandika ukutani. Muuguzi alikuja kuzikagua. Mama Kidoti naye alikuja, shingo upande mwanzoni. "Hapa mmewaweka watu wengi mno," alisema, akielekeza kidole. Picha hiyo ilichorwa upya. Mistari ya wimbo nayo ilibadilika, na picha ya mwanzo ikawa ya Kidoti mwenyewe, kwa hiari yake, akiruka kamba. Siku ya kurekodi kila mtu alijua asimame wapi. Wiki ya afya ilikuwa imekwisha zamani, na hakukuwa na zawadi ya kushindania. Hata hivyo, shule nzima iliitazama video hiyo, na safari hii wimbo haukuwa na kijiko.

Muhula uliofuata Kidoti alianguka tena, darasani, katikati ya somo la hesabu. Wenzake walisogeza madawati. Mmoja alikunja sweta lake na kumwekea chini ya kichwa. Mwalimu wao alitazama saa, na wengine wakatoka nje bila kusukumana. Yule msichana mdogo wa kijiko ndiye aliyeomba abaki. Kidoti alipofumbua macho, alimsikia akisema, "Uko darasani. Niko nawe."

Habari hizo zilipofika kwenye klabu, Chiriku alifunika uso kwa viganja na kulia. Mwalimu wa muziki alimwacha alie, kisha akavuta kiti kisicho na mgongo na kukaa karibu naye.

"Mtu akiona jambo kwenye video hulibeba hadi mikononi mwake," alisema. "Ndiyo sababu tunauliza kabla ya kupiga picha, na tunapanga kabla ya kuwasha kamera. Na kama hukuuliza, sema hukuuliza. Uongo wako ulikuwa wa neno moja tu, lakini kuna mtoto atatabasamu na pengo maisha yake yote kwa sababu yake. Umekuwa na ujasiri wa kurekebisha kilichorekebishika. Kilichobaki ukikumbuke kila utakaposhika kamera."

"Ndiyo, mwalimu," alisema Chiriku, na hakuongeza neno.