Kadi Kwenye Ndoo ya Alhaja

Asubuhi ile Ozohu aliunguza akara kikaango kizima. Amekaanga maandazi hayo ya kunde tangu ujana wake, kwenye kona ileile nyuma ya soko la Lokoja. Leo anaunguza kama bi harusi wa juzi.

"Mama Onize, leo unatuuzia makaa?" akauliza dereva mmoja wa pikipiki.

"Kula ushukuru. Makaa yanasafisha tumbo."

Wateja wakacheka. Ozohu hakucheka. Tangu jana jioni hajatulia. Akikaa, anasimama. Akisimama, anasahau kilichomsimamisha.

Jana hiyo alikosea, na alijua amekosea kabla hajafika nyumbani. Jumamosi inayokuja ni uchaguzi wa mbunge wa jimbo. Alhaja Ohunene, kiongozi wa akina mama wa kabila la Waebira pale mtaani, aliwaita wote kwake. Kila mama alipewa kitambaa cha kijani cha kushona sare. Na kila mama alitoa kadi yake ya kupigia kura, ikatiwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

"Zitakaa hapa salama," Alhaja alisema. "Jumamosi mtakuja na sare zenu, nimpe kila mmoja kadi yake mkononi. Tutakwenda pamoja kumpigia mtoto wetu. Atakayesita, nitamjua."

Mtoto wao ni Mheshimiwa Anavami, Mwebira mwenzao, mbunge kwa miaka minne sasa. Ozohu alitia kadi yake kwenye ndoo. Nani asingetia? Pale mtaani sare ndiyo undugu. Mwenye sare akifiwa, akina mama wanajaa uani. Asiye nayo atalia peke yake na kuku wake.

Lakini kulikuwa na Onize, binti yake, mwenye mimba changa. Mimba yake ya kwanza iliishia zahanati ya mtaa, mtoto akafa. Umeme ulikatika, mkunga akamulika kwa simu, simu nayo ikazima. Paneli za sola za zahanati zilikuwa zimeng'olewa, eti zinakwenda kutengenezwa. Mpaka leo ziko juu ya paa la nyumba ya wageni ya Mheshimiwa. Kila mtu anaziona. Zinang'aa vizuri sana.

Ozohu alikuwa ameapa moyoni kwamba safari hii mtu yule hapati kura yake. Sasa kadi yenyewe hana.

Akamweleza mumewe, Asuku, fundi wa pancha.

"Umeitoa kwa mkono wako mwenyewe?" Asuku akauliza.

"Wote walitoa."

"Mtu amechukua taa ya mjukuu wangu, na wewe unampa kadi juu. Si ungempa na kikaango?"

"Ya kwako iko wapi?"

Asuku akakohoa. Akaigeuza tairi aliyokwisha kuigeuza. "Wazee waliniita juzi. Walikuwa wanagawa mchele."

"Mchele gani? Huu tunaokula?"

"Mtamu, sivyo?"

Ozohu akamtazama mpaka Asuku akajitia kutafuta spana.

Mchana akaja Nesi Unekwu wa zahanati, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Yeye ni Mwigala, wa kabila jingine. Chifu Omale, anayemkabili Mheshimiwa Anavami, naye ni Mwigala. Kwa hiyo Ozohu alimpimia akara kimya kimya.

"Mama Onize, una nini? Umenipa akara za watu watatu."

"Sina kitu."

"Una kitu. Ni ile ndoo?"

Ozohu akashtuka. "Nani kakwambia habari za ndoo?"

"Hapa mtaani hata mbuzi wanajua."

"Basi umekuja kunipigia kampeni ya Chifu wenu."

Nesi Unekwu akacheka. Akafungua mfuko wake, akatoa kitambaa. Kilikuwa cha bluu. Ozohu akaingia ndani, akatoka na chake cha kijani. Wakavitandika kwenye benchi. Ndege walewale, mikia ileile, pindo lilelile. Rangi tu ndiyo mbalimbali.

"Kwetu kadi zimetiwa kwenye sufuria," nesi akasema. "Mimi nilikataa kutoa yangu, sasa shangazi zangu wananiita mke wa Waebira. Na huyo Chifu, mama, mimi nisimjue? Ndiye aliyepewa kazi ya barabara ya kwetu. Ameiweka lami urefu wa gari lake."

"Sasa wananunua kwenye duka moja?"

"Duka moja, chapa moja. Jukwaani wanatukanana. Sisi ndio hatusalimiani."

Ozohu akakaa. Kisha akasimama. "Niambie basi. Bila kadi siwezi kupiga?"

"Huwezi. Ile mashine ya kituoni inataka kadi yako kwanza, halafu inakutambua kwa kidole au kwa uso. Mimi nimewahi kuwa mwangalizi wa kituo. Nimeona watu wazima wanarudishwa wanalia."

"Lakini Jumamosi Alhaja atanirudishia."

"Akitaka. Na asipotaka? Akisikia umenung'unika, kadi yako itapotea chini ya ndoo. Sikia, mama. Kadi ni yako. Sheria ya uchaguzi inasema kushika kadi ya mtu mwingine ni kosa. Kuinunua ni kosa. Hata kuiuza ni kosa."

"Kwa hiyo Baba Onize na mchele wake..."

"Mwambie aidai leo."

"Na mimi nikiidai yangu, nikampigia mwingine, Alhaja si atajua?"

"Atajuaje? Unaingia kwenye kibanda peke yako. Karatasi haina jina lako. Unaweka dole gumba mbele ya chama unachotaka, unakunja, unatumbukiza. Mtu akikwambia piga picha uje unionyeshe, anakuingiza matatani. Simu haziingii kibandani."

"Nimpigie nani, sasa?"

"Hilo silisemi," nesi akajibu. "Hata ukinipa akara za bure. Wagombea si hao wawili tu. Uliza kila mmoja ameahidi nini, na zamani alifanya nini. Usiulize mama yake anaongea lugha gani."

Jioni Ozohu akaenda kwa Alhaja Ohunene. Alipiga magoti kusalimia, kama desturi.

"Alhaja, nimekuja kuchukua kadi yangu."

"Kadi yako ina homa? Si iko salama?"

"Nataka ikae kwangu."

Alhaja akavua miwani. "Ozohu. Unataka Waigala watukalie kichwani? Mtoto wetu ameiba, sawa. Ameiba akiwa wetu. Huyo mwingine akiiba, utaonja hata mchuzi?"

"Na huu mchuzi wa Mheshimiwa, Alhaja, mimi sijaonja. Nimezika mjukuu."

Alhaja akavaa tena miwani. Kisha akasema, "Nenda nyumbani. Ukiendelea na haya, siku ya kumpa jina mtoto wa Onize utakaa na viti vitupu."

Ozohu akarudi nyumbani. Hakulala sawasawa. Viti vitupu! Alijiona amepika sufuria kubwa na hakuna wa kula. Lakini bila taa zahanati, hata huyo mtoto wa kupewa jina yuko wapi?

Kulipokucha, hakwenda kwenye kona yake. Alibeba jiko, kikaango na beseni la kunde, akavitua mbele ya geti la Alhaja. Akawasha moto. Mafuta yalipochemka, harufu ikavuka ukuta.

Wateja wakamfuata. Mwenye njaa haulizi anwani. Lakini walipofika waliuliza.

"Mama Onize, umehama?"

"Sijahama. Nasubiri kadi yangu ya kura. Iko humu ndani kwenye ndoo."

"Kwenye ndoo? Inafanya nini?"

"Muulize mwenye ndoo."

Alimjibu hivyo mwanafunzi. Alimjibu hivyo muuza nyama. Alimjibu hivyo imamu mdogo aliyetumwa kununua akara za wazee, naye akaondoka anatikisa kichwa. Jua lilipopanda, geti lilikuwa limezibwa na watu wanaotafuna.

Alhaja akatoka. "Ozohu! Unanitia aibu mbele ya nyumba yangu?"

"Hapana, Alhaja. Ninakaanga. Karibu, za kwako nitakuchagulia laini."

Mama mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Alhaja, hata mimi naomba yangu."

"Na mimi," akasema mwingine.

"Mheshimiwa ameahidi kumpa mwanangu kazi," Alhaja akasema. Safari hii hakupaza sauti. "Miaka minne yuko nyumbani na cheti chake. Mnafikiri mimi napenda ndoo?"

"Alhaja," Ozohu akasema, "aliahidi lini?"

"Uchaguzi uliopita."

Alhaja akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na ndoo. Akaitua chini kwa kishindo, akafungua mfuniko. "Chukueni! Mkishatuuza kwa Waigala, msije kulia kwangu."

Ozohu akaichukua ya kwake, akaifunga kwenye pindo la kanga. Mchana Asuku naye akaenda kwa wazee, akarudi na kadi mkononi na matusi masikioni. Kwa akina nesi, shangazi waliposikia, waliipindua sufuria, kila mtu akachukua kadi yake.

Jumamosi akina mama walikwenda kituoni na sare zao za kijani. Kitambaa kizuri, kwa nini kioze? Ozohu aliingia kibandani peke yake. Dole likaenda pale alipotaka.

Hawakuondoka. Nesi Unekwu aliwaambia wakae pembeni kwa utulivu, wasikilize hesabu. Msimamizi wa kituo alinyanyua kura moja moja na kutaja kwa sauti. Akina mama wakahesabu naye, kijani na bluu pamoja. Alipobandika matokeo ukutani, waliyapiga picha, ili yasije yakabadilika njiani.

Matokeo ya jimbo zima yalipotangazwa, mshindi hakuwa Anavami wala Omale. Alikuwa Bwana Ibitoye, mfamasia mstaafu kutoka kwa watu wa Okun, ambao ni wachache mjini. Yeye peke yake ndiye aliyekwenda zahanati wakati wa kampeni, akaandika kinachokosekana. Mpaka siku ya kiapo ilipofika, kulikuwa na kelele za mahakamani na uvumi kila kona, na Ozohu aliunguza akara nyingine nyingi. Lakini Ibitoye aliapishwa. Paneli mpya zikapanda juu ya paa la zahanati. Onize alijifungua mtoto wa kike chini ya taa nyeupe, na nesi aliona kila alichokuwa anafanya. Siku ya kumpa jina, viti havikutosha. Alhaja alikuja amenuna, akala mara mbili.

Kisha Mheshimiwa Ibitoye akaja zahanati kupokea shukrani. Alikuja na magari matatu. Vijana wa Okun walikuwa wamemzunguka wakiimba, zamu yetu, zamu yetu. Ozohu hakuupenda wimbo huo. Akasimama kutoka kwenye benchi la zahanati, mjukuu mgongoni.

"Mheshimiwa, asante kwa taa. Nina ombi moja tu. Kila mwezi uje ukae kwenye benchi hili, utueleze pesa za jimbo zimefanya nini. Tunaomba ututajie sasa hivi, mbele ya watu wote, siku ya kwanza utakayokuja."

Mheshimiwa akamtazama msaidizi wake. Msaidizi akatazama simu. Wale vijana wakaacha kuimba.

Ozohu hakukaa. Alisubiri siku itajwe.