Asta za Toto Asekenye

Ajiko anaishi Amagoro, nyuma kidogo ya soko. Anauza kunde na mihogo. Mumewe, Egwang, ni mlinzi wa yadi ya malori kule Malaba. Huondoka jioni na kurudi asubuhi, macho mekundu kwa usingizi.

Ajiko akitoka sokoni, kitu cha kwanza si kupika. Huchota maji kwenye jagi na kwenda nyuma ya bafu kumwagilia maua yake. Hata mvua ikiwa imenyesha, yeye humwagilia.

Maua hayo yanaitwa asta. Ni madogo, ya zambarau, na katikati yana rangi ya manjano kama kiini cha yai. Asta ya aina hii si ya msimu mmoja. Ikitunzwa huishi miaka mingi. Vikonyo vya juu hukauka, lakini mizizi huchipua tena.

Asta hii ilikuwa ya mama yake Ajiko, marehemu Asekenye. Watoto wake walimwita Toto, kama Wateso wanavyomwita mama. Toto aliipanda nyumbani kwake Malaba miaka mingi iliyopita. Kila ilipochanua, alikata maua na kuyapeleka kanisani, akiwa ameyabeba kama anayebeba mtoto.

Toto alifariki mwaka jana. Baada ya mazishi, kaka yake Ajiko, Emojong, alisafisha boma ili ajenge vyumba vya kupangisha madereva. Ajiko alipofika huko siku moja, alikuta kichaka chote cha asta kimeng'olewa. Kilikuwa kimetupwa juu ya takataka.

Alichagua fungu moja lililokuwa bado na uhai. Akalifunga kwa gunia na kupanda nalo bodaboda hadi Amagoro. Hakumwambia Emojong neno lolote. Tangu siku hiyo, kaka na dada hawakutembeleana.

Sasa misa ya ukumbusho wa Toto ilikuwa inakaribia. Ajiko alitaka kitu kimoja tu: maua ya Toto yawe juu ya kaburi la Toto siku hiyo.

Lakini asta ilikuwa inakufa.

"Hebu angalia," alimwambia Egwang asubuhi moja. "Katikati pamekuwa upara. Majani ya chini yanakauka. Na hili vumbi jeupe nalifuta kila siku, kesho yake limerudi."

"Ni vumbi la barabara," Egwang alisema huku akivua viatu. "Mama Sharlyne, usijisumbue. Si ununue yale ya plastiki pale Busia? Hayahitaji hata maji."

"Ya plastiki si ya Toto."

Egwang alimjua mkewe. Akishika jambo, haachi.

Siku hiyo hiyo Ajiko alikwenda kwa jirani yake, Roselida. Roselida alizaliwa Mundika, karibu na mji wa Busia. Alifanya kazi Naivasha miaka mingi kwenye mashamba ya maua, kisha akarudi na kuanza kuuza miche ya miti na maua kando ya barabara.

"Mulembe, jirani," Roselida alimsalimia. "Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Njoo unionee mgonjwa wangu."

Roselida alikuja akiwa na kisu cha bustani mkononi. Alichuchumaa na kushika udongo. Ulikuwa umelowa, na ulinuka sabuni. Aliinua kichwa akaangalia mwembe na ukuta wa bafu. Kisha akageuza jani moja.

"Hili si vumbi," alisema. "Huu ni ukungu. Ni ugonjwa. Hupenda mahali penye kivuli ambapo hewa haipiti. Wewe unamwagilia saa ngapi?"

"Jioni, nikitoka soko. Namwagia juu mpaka majani yote yaloe."

"Basi majani yanalala na maji usiku kucha. Na mizizi nayo imekaa kwenye maji ya kuoga."

Ajiko alijishika kiuno. "Nilipanda hapa ili isikose maji. Nilidhani naisaidia."

"Wengi hufanya hivyo. Asta inataka jua, mama. Jua la nusu siku au zaidi. Inataka maji, ndiyo, lakini haitaki kusimama ndani ya maji."

"Nikinunua dawa ya kupuliza?"

"Dawa ipo dukani. Lakini ukipuliza dawa na kuiacha hapa hapa nyuma ya bafu, ugonjwa utarudi. Kwanza ihame."

Roselida alitenganisha vikonyo kwa vidole akamwonyesha katikati ya kichaka. Palikuwa na mizizi mikavu, migumu kama kuni.

"Unaona? Hapa pamezeeka. Hakuna kitakachotoka tena. Asta hukua kwenda nje. Kila baada ya miaka miwili au mitatu inabidi ichimbuliwe na kugawanywa. Hii haijagawanywa kwa muda mrefu. Lakini tazama hapa pembeni."

Pembeni, chini ya majani yaliyooza, kulikuwa na machipukizi madogo ya kijani.

"Hawa ndio watoto," Roselida alisema. "Hawa wataishi."

Moyo wa Ajiko ulipata nguvu. "Basi tugawe leo. Yatachanua kabla ya misa?"

Roselida alifuta kisu chake kwenye lesso.

"Hapana. Sitakudanganya. Misa ni mwezi ujao. Tukigawa leo, tunakata vikonyo vyote hadi chini. Maua utayaona mvua kubwa ikishaisha. Tusipogawa, utapata labda maua mawili matatu dhaifu ya kupeleka kaburini. Lakini baada ya hapo sidhani mmea utabaki."

Ajiko alitazama kichaka. Juu yake kulikuwa na vitumba vichache vya maua vilivyoanza kuonyesha zambarau. Alivigusa. Aliona kaburi, akaona ndugu zake wote wamesimama, na yeye amefika mikono mitupu.

Alikaa chini kwenye nyasi.

"Kata," alisema mwishowe. "Hapana, nipe kisu. Nitakata mwenyewe."

Alikata kila kikonyo. Roselida alimwambia asitupe majani yenye ukungu kwenye mbolea, kwa sababu ugonjwa ungerudi shambani. Wakayachoma. Kisha wakachimbua fungu lote kwa jembe la meno, polepole, wasikate mizizi mingi. Katikati palipozeeka walipaacha. Vipande vya pembeni, kila kimoja chenye machipukizi kadhaa na mizizi yake, wakaviweka kwenye karai na kuvifunika kwa gunia lenye unyevu.

Egwang aliamka mchana, akawakuta mbele ya nyumba, mahali penye jua.

"Kwani mnachimba kaburi lingine?" aliuliza.

"Tunainua matuta," Ajiko alijibu. "Mvua ya hapa unaijua. Maji yasisimame kwenye mizizi. Na wewe, Baba Sharlyne, kama umeamka, kule bafuni kunataka mtaro."

Egwang alicheka. Lakini alichukua jembe, akachimba mtaro wa kupeleka maji ya kuoga kwenye migomba.

Wakachanganya udongo na samadi iliyooza vizuri. "Isiwe mbichi," Roselida alisema. "Mbichi inaunguza mizizi. Na usizidishe. Ukizidisha utapata majani mengi, maua kidogo." Alipima nafasi kwa mkono wake, kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kati ya mche na mche, wakaacha nafasi hiyo.

"Nafasi yote hii?" Ajiko alishangaa.

"Hewa ipite. Ukiibana, ukungu umepata nyumba."

Mwisho wakatandaza nyasi kavu juu ya udongo, lakini mbali kidogo na mashina.

Siku ya misa ilifika. Nyumbani Malaba, baada ya sala, watu walisimama kuzunguka kaburi la Toto. Emojong aliweka shada kubwa la maua ya plastiki. Kisha akamgeukia dada yake, mbele ya watu wote.

"Ajiko, nasikia ulichukua maua ya Toto. Leo ni siku yake. Yako wapi?"

Ajiko alihisi masikio yanawaka moto. Angeweza kusema nani aliyatupa kwenye takataka. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Aliyameza.

"Yako ardhini," alisema. "Yalikuwa yanakufa. Nimeyakata ili yaishi. Nitayaleta, na nitayapanda hapa."

"Hapa?" Emojong alitikisa kichwa. "Mwezi wa nane mafundi wanakuja. Namwaga saruji kuzunguka kaburi lote, pawe safi."

"Niachie upande mmoja wa udongo."

"Kwa maua ambayo sijayaona?" Emojong alikunja mikono. "Mafundi wakifika kabla ya maua, ni saruji."

"Sawa," Ajiko alisema. "Yatafika."

Alirudi Amagoro akiwa na hasira, na hasira hiyo aliipeleka kwenye kazi. Aliacha kumwagilia jioni. Siku ambazo mvua haikunyesha, aliamka mapema kabla ya soko na kumwaga maji chini, kwenye udongo, si juu ya majani. Aling'oa magugu kwa mkono. Mche mmoja ulioza kwa mvua kubwa. Akainua matuta mengine zaidi.

Miche ilipofikia urefu wa kiganja, Roselida alikuja tena.

"Sasa kata ncha zake," alisema.

"Nikate tena? Roselida, ndiyo kwanza imesimama!"

"Ukikata ncha moja, zinatoka mbili au tatu pembeni. Mmea unakuwa mnene, maua yanakuwa mengi. Lakini ukichelewa, utakata maua yenyewe. Fanya sasa."

Ajiko alifinya ncha ya kwanza kwa kucha. Ilimuuma, alimwambia Egwang baadaye, kama kumnyoa mtoto nywele zake za kwanza. Lakini alikata zote. Kwa kweli kila kikonyo kilitoa matawi mapya.

Mwezi wa sita dhoruba ilishuka na mvua ya mawe. Asubuhi Egwang aliporudi kutoka kazini, alimkuta mkewe amepiga magoti kwenye tope. Vikonyo kadhaa vilikuwa vimelala chini. Egwang hakwenda kulala. Alikata vijiti vya mianzi, akavichomeka kando ya kila mmea. Ajiko akafunga vikonyo kwa vipande vya lesso kuukuu.

"Usikaze sana," Egwang alisema. "Isijinyonge."

"Sasa wewe ndiye mwalimu?"

"Namsikia Roselida. Sauti yake inafika kitandani."

Mwishoni mwa mwezi huo, Ajiko aliona tena unga mweupe kwenye majani mawili. Safari hii hakuufuta. Aliyachuma majani hayo saa ile ile, akayachoma, akaosha mikono yake kabla ya kugusa mimea mingine. Ukungu haukuenea.

Kisha asubuhi moja mwishoni mwa Julai, alifungua mlango na kuona zambarau. Lilikuwa ua moja. Kesho yake hakuweza kuhesabu.

Ajiko alikuwa bado anayatazama simu ilipolia. Alikuwa Emojong.

"Mafundi wamefika mapema," alisema. "Wanachanganya saruji leo."

Ajiko hakwenda sokoni. Alichimbua mimea miwili pamoja na udongo wake, akaiweka kwenye karai. Egwang alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini. Alilikamata karai upande mmoja, wakatoka wote wawili kutafuta bodaboda.

Malaba, mchanga na kokoto vilikuwa tayari vimemwagwa kando ya kaburi. Emojong aligeuka aliposikia pikipiki. Aliona dada yake anashuka na karai lililojaa maua, na nyuki mmoja akiyafuata.

Alikuja karibu. Aliinama akashika ua moja, kwa uangalifu sana kwa mkono mkubwa kama ule.

"Ni haya haya," alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani ni majani tu. Wakati tunasafisha boma hayakuwa na maua. Sikujua kwamba ndiyo haya."

"Sasa unajua," Ajiko alisema.

Emojong aliwageukia mafundi. "Upande huu acheni udongo."

Ajiko alikuwa ameshachukua jembe. "Si hapo. Hapo kivuli cha vyumba vyako kitafika mchana. Jua linapiga wapi asubuhi yote?"

Emojong alimwonyesha. Wakachimba pamoja. Ajiko alimweleza kila kitu kama alivyoelezwa: tuta, samadi iliyooza, nafasi ya kiwiko hadi vidole, maji ya asubuhi. Akakata vikonyo vilivyochanua, akaviweka juu ya kaburi.

"Mbona unakata tena?" Emojong aliuliza.

"Tumeihamisha ikiwa na maua, itachoka. Nguvu iende kwanza kwenye mizizi. Yakishashika, kila yakimaliza kuchanua unakata chini, yanachipua upya."

Wiki zilizofuata Emojong alipiga simu mara nyingi kuliko mwaka mzima uliopita. Majani yanainama, nifanye nini? Kuku wanachakura, nizungushe wavu? Ajiko alijibu akiwa sokoni, simu imebanwa begani, mikono ikifunga mafungu ya kunde.

Mwezi wa Desemba, Jumapili moja baada ya kanisa, pikipiki ilisimama mbele ya nyumba ya Ajiko. Emojong alishuka. Hakuwa amekanyaga boma hilo tangu mazishi. Mikononi alikuwa na asta nyingi, zimefungwa kwa uzi.

"Nimepeleka nyingine kanisani," alisema, akiwa bado amesimama mlangoni. "Hizi zilibaki. Nikaona nikuletee."

Ajiko alizipokea kwa mikono miwili.

"Ingia ndani, kaka," alisema. "Egwang! Amka, tuna mgeni. Weka chai."